Silinda, Mvuke na Mkate wa Mchapaji





Kila Dominika tunashika mikononi mwetu karatasi zilizochapwa: matangazo ya parokia, kitabu cha nyimbo, misale, pengine na gazeti tulilonunua njiani. Ni nadra kujiuliza karatasi hizo zimetufikiaje kwa wingi na kwa bei ambayo hata mtu wa kipato kidogo anaimudu. Tukiulizwa, wengi wetu tutamtaja Johannes Gutenberg wa Mainz, aliyechapa Biblia katikati ya karne ya 15. Jibu hilo ni la kweli, lakini halikamiliki. Kati ya Gutenberg na sisi wamesimama watu wengine, na mmojawapo ni Mjerumani Friedrich Koenig, ambaye pamoja na rafiki yake Andreas Bauer aliunda mtambo wa kwanza wa kuchapa kwa silinda unaoendeshwa na mvuke. Historia ya mtambo huo inatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza, inapita katika monasteri mbili za kale. Ya pili, inatuuliza swali ambalo kila kizazi hulazimika kulijibu upya: mashine mpya inapoingia mlangoni, ni nini kinampata mtu aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kwa mikono yake?

Kwanza tuelewe kazi ilivyokuwa. Kwa takriban miaka 350 baada ya Gutenberg, namna ya kuchapa haikubadilika sana. Herufi za risasi zilipangwa moja moja na kufungwa katika fremu, kisha zikalazwa juu ya meza ya mtambo. Wanaume wawili walisimama hapo. Mmoja alizipaka herufi wino kwa mipira ya ngozi iliyojazwa sufu au nywele za wanyama. Mwingine alitandika karatasi, akaisukuma meza chini ya ubao mzito, kisha akavuta wenzo kwa nguvu zote za mwili wake ili ubao ushuke na kuibana karatasi juu ya herufi. Baada ya hapo aliuachia, akaitoa karatasi, na kazi ikaanza tena. Watu wawili hodari waliweza kuchapa karatasi 200 hadi 250 kwa saa, tena upande mmoja tu. Yapata mwaka 1800 Lord Stanhope wa Uingereza aliunda mtambo wa chuma badala ya mbao. Uliupunguzia mkono mzigo, lakini mwendo wa kazi ulibaki karibu uleule.

Kwa kitabu, mwendo huo ulivumilika. Kwa gazeti la kila siku ulikuwa kitanzi. Habari zilifika usiku na wasomaji walilitaka gazeti asubuhi. Magazeti yenye wasomaji wengi yalilazimika kupanga ukurasa uleule mara mbili kwa herufi tofauti, ili mitambo kadhaa ichape kwa pamoja. Gharama ilikuwa kubwa, na hata hivyo idadi ya nakala ilikuwa na kikomo ambacho hakuna juhudi ya mkono ingeweza kukivuka.

Friedrich Koenig alizaliwa mwaka 1774 katika mji wa Eisleben, Ujerumani. Alijifunza uchapaji mjini Leipzig katika nyumba maarufu ya Breitkopf & Härtel. Huko aliijua kazi ya kuvuta wenzo na kupaka wino, na akaona kwamba sehemu kubwa ya uchovu huo ingeweza kubebwa na mashine. Karibu na mwaka 1803 alianza kuunda mtambo wake huko Suhl. Hakupata msaada wa kutosha. Alibisha milango ya Ujerumani, akaenda hadi Urusi, na mwisho mwaka 1806 akavuka bahari hadi London, mji uliokuwa na mafundi wa chuma, injini za mvuke na wafanyabiashara wenye mitaji. Mwaka 1807 alifunga mkataba na mchapaji Thomas Bensley, ambaye angegharamia majaribio. Huko London alikutana pia na Andreas Bauer, fundi wa vyombo vya vipimo kutoka Stuttgart. Koenig alikuwa mtu wa mawazo, Bauer alikuwa mtu wa vipimo, na kila mmoja alikuwa nusu ya mwenzake.

Mtambo wao wa kwanza, uliopewa hataza mwaka 1810, bado ulitumia ubao bapa. Jambo jipya lilikuwa kuuendesha kwa mvuke na kupaka wino kwa rola badala ya mipira ya ngozi. Aprili 1811 ulichapa nakala 3,000 za sehemu moja ya kitabu cha mwaka kiitwacho Annual Register. Ulifanya kazi, lakini haukuleta mageuzi, maana mashine ilikuwa ikiiga tu mwendo wa mkono: kushuka, kubana, kupanda, kusimama.

Hapo ndipo ilipoingia silinda. Wazo lenyewe halikuwa geni. Mwingereza William Nicholson alikwisha kupata hataza ya uchapaji kwa silinda mwaka 1790, lakini mtambo wake haukufikia kuundwa. Koenig na Bauer walifanya kile ambacho Nicholson alikiacha kwenye karatasi. Ubao bapa ukibana ukurasa mzima kwa mara moja, unahitaji nguvu kubwa mno. Silinda ikipita juu ya herufi hugusa mstari mwembamba tu kwa wakati mmoja, kama mpishi anayesukuma chapati: mti wake wa duara haulikandamizi donge lote pamoja, bali hupita juu yake hatua kwa hatua. Kwa hiyo nguvu inayohitajika ni ndogo, na mzunguko ni mwendo ambao injini ya mvuke inaupenda. Katika mtambo wao, herufi zililala juu ya meza iliyokwenda mbele na kurudi nyuma; rola zilizipaka wino zenyewe; karatasi ilizungushwa juu ya silinda na kukutana na herufi chini yake. Binadamu alibaki na kazi mbili tu, kuingiza karatasi safi na kupokea iliyochapwa. Mwishoni mwa mwaka 1812 mtambo huo ulikuwa tayari, nao ulichapa karatasi 800 kwa saa.

Wenye magazeti wa London walialikwa kuutazama. James Perry wa Morning Chronicle hakuutaka, kwani aliona fedha zake zisingerudi. John Walter wa pili, mmiliki wa The Times, aliagiza mitambo miwili, kila mmoja wenye silinda mbili ili meza ichape inapokwenda na inaporudi.

Hapa, wapendwa, inafaa tusimame kidogo, maana sasa tunawakuta watu ambao majina yao hayakuandikwa katika hataza yoyote. Ni wale wavuta wenzo wa The Times. Kazi yao ilikuwa ngumu lakini ilikuwa ya ufundi, nayo ililisha familia zao. Nyakati zilikuwa mbaya. Sheria za Uingereza za mwaka 1799 na 1800 ziliwakataza wafanyakazi kuungana ili kudai mishahara, na mwaka 1810 wafanyakazi 19 wa The Times walihukumiwa kifungo kwa kosa la namna hiyo. Tangu mwaka 1811 wafumaji wa Nottingham na sehemu za jirani, waliojulikana kama Waludi, walikuwa wakivunja usiku mashine zilizowanyima mkate, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kumwadhibu kwa kifo avunjaye mashine hizo. Hivyo mwenye mali aliwaogopa wafanyakazi, na wafanyakazi walikuwa na sababu ya kumwogopa mwenye mali.

Kwa hiyo mitambo ya Koenig ilijengwa kwa siri, katika jengo la jirani na matbaa ya The Times. Mafundi waliapishwa wasitoe neno. Hata hivyo uvumi ulienea. Simulizi lililohifadhiwa katika historia ya gazeti hilo linaeleza kwamba usiku wa kuamkia tarehe 29 Novemba 1814, wachapaji waliambiwa wasianze kazi, wangoje habari muhimu zinazotarajiwa kutoka bara la Ulaya. Wakangoja mbele ya mitambo yao ya mkono. Karibu saa kumi na mbili asubuhi Walter aliingia akiwa na nakala mkononi, akawatangazia kwamba The Times ya siku hiyo imekwisha kuchapwa kwa mvuke. Akawaonya kwamba wakifanya fujo, ipo nguvu ya kutosha ya kuwazuia. Kisha akawaahidi kwamba wakitulia, kila mmoja ataendelea kulipwa mshahara wake hadi atakapopata kazi nyingine ya namna hiyo. Hawakufanya fujo.

Gazeti la asubuhi ile liliwaeleza wasomaji wake kwamba walichokishika mikononi ni tunda la maendeleo makubwa kuliko yote tangu uchapaji ulipovumbuliwa. Mitambo ile ilichapa karatasi 1,100 kwa saa, zaidi ya mara nne ya mkono wa binadamu.

Tumhukumuje John Walter? Upo uwezekano wa kumsifu upesi, na upo uwezekano wa kumlaani upesi. Nadhani tukio lile linahitaji macho mawili. Jicho moja laona kwamba wafanyakazi walidanganywa. Waliambiwa wangoje habari, kumbe habari waliyokuwa wakiingojea ilikuwa ya kwao wenyewe. Hakuna aliyewauliza neno wala kuwapa muda wa kujiandaa. Jicho la pili laona kwamba katika nchi ambayo mvunja mashine angeweza kunyongwa, na ambapo hakuna sheria iliyomlazimisha mwajiri kumlipa mtu asiyemhitaji tena, Walter aliona kwamba faida ya mvuke inadaiwa kitu na wale waliotangulia mvuke. Ahadi yake haikufuta udanganyifu wa usiku, lakini ilizuia njaa ya asubuhi. Mara nyingi haki huanza hivyo, ikiwa na upungufu.

Naye mvumbuzi alipata nini? Mshirika wake Bensley alikuwa na sehemu kubwa ya kampuni, na kama mchapaji alipenda mitambo imnufaishe yeye kuliko kuuzwa kwa washindani wake. Wakati Koenig na Bauer walikuwa wamekwisha kuunda mtambo uliochapa pande zote mbili za karatasi katika safari moja, kisheria hawakuweza kuyafaidi matunda ya akili zao. Mwaka 1817 Koenig aliondoka London akiwa amechoka na kukata tamaa juu ya Uingereza. Aliyewanyang'anya wachapaji kazi yao bila kukusudia, yeye mwenyewe aliondoka akihisi amenyang'anywa.

Safari yake ilimfikisha mahali ambapo sisi Wakatoliki tunapaswa kupatambua. Kando ya mto Main, karibu na Würzburg katika Bavaria, ilikuwako monasteri ya Oberzell, iliyoanzishwa mwaka 1128 kwa ajili ya watawa wa Mtakatifu Norberti. Kwa karne nyingi watawa walisali hapo Masifu ya Kanisa, na katika karne ya 18 msanifu mashuhuri Balthasar Neumann aliwajengea jengo jipya la fahari. Mwaka 1803 serikali ilizifunga monasteri na kutwaa mali zake, na Oberzell ikabaki tupu. Tarehe 9 Agosti 1817 Koenig na Bauer walitia sahihi mkataba wa kuanzisha kiwanda chao katika majengo hayo. Hicho kikawa kiwanda cha kwanza duniani cha kutengeneza mitambo ya kuchapa ya namna hiyo.

Lakini nani angefanya kazi humo? London ilikuwa imejaa mafundi chuma; Oberzell ilikuwa na wakulima wa mizabibu. Koenig na Bauer walilazimika kuwachukua vijana wa vijijini na kuwafundisha tangu mwanzo kuyeyusha chuma, kukata meno ya gurudumu na kupima kwa usahihi. Miaka ilipita kabla ya mtambo wa kwanza kutoka. Mwaka 1823 gazeti moja la Berlin lilianza kuchapwa kwa mitambo ya Oberzell, na baadaye kidogo mitambo mingine ikafika Augsburg na Leipzig. Angalieni mgeuko huu: mashine ileile iliyowaondoa wachapaji wa London mbele ya mitambo yao iliwapa wana wa wakulima wa Zell ufundi ambao baba zao hawakuwa nao. Haikutokea kwa nguvu ya mashine. Ilitokea kwa sababu mtu aliamua kufundisha.

Yapo pia yanayotuhusu kwa karibu zaidi. Mitambo ilihitaji karatasi nyingi, hivyo Koenig na Bauer walianzisha kiwanda cha karatasi katika monasteri nyingine iliyofungwa mwaka uleule wa 1803, ile ya Wabenediktini huko Münsterschwarzach. Mwaka 1913 Wabenediktini wamisionari wa Mtakatifu Otilia walirudi Münsterschwarzach na kuifufua monasteri. Miongoni mwa wamonaki waliofika kusini mwa Tanzania, katika misioni za Peramiho na Ndanda, wengi walitoka katika nyumba hiyo. Na wasomaji wengi wa rika langu wanajua kwamba Peramiho na Ndanda zilikuwa na matbaa zao, zilizotupatia vitabu vya sala na katekisimu kwa Kiswahili. Sidai kwamba silinda ya Koenig ilikuja yenyewe hadi Songea. Nasema tu kwamba mahali palepale palipotengenezewa karatasi za mitambo yake ndipo walipotoka watu waliotuletea neno lililochapwa, na Mungu ana namna yake ya kuunganisha nyuzi.

Njia haikuwa laini. Mwaka 1830, wakati wa mapinduzi ya Julai mjini Paris, wachapaji wenye hasira walivunja mitambo waliyoiona kuwa adui yao. Wanunuzi waliingiwa na hofu, maagizo yakakoma, na karibu warsha yote ya Oberzell ikanyamaza. Koenig alifariki Januari 1833, kabla hajaona nafuu. Bauer aliendelea na kazi pamoja na Fanny, mjane wa rafiki yake, hadi alipofariki mwaka 1860. Mwaka 1855 kiwanda kilianzisha mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi wagonjwa, miaka karibu 30 kabla ya Ujerumani kuwa na sheria ya bima ya ugonjwa, na mwaka 1868 kikafungua shule ya kuwafunza vijana kazi. Kampuni hiyo ipo hadi leo, na miongoni mwa mitambo inayotengeneza imo ya kuchapa noti za fedha.

Wakati huohuo silinda ilizidi kukimbia. Mwaka 1828 Augustus Applegath na Edward Cowper waliipatia The Times mtambo wa kuchapa karatasi 4,000 kwa saa. Nchini Marekani Richard Hoe aliziweka herufi zenyewe juu ya silinda, na mwaka 1847 gazeti la Public Ledger la Philadelphia likaanza kuchapwa kwa mtambo wake. William Bullock aliongeza karatasi ndefu iliyoviringishwa, inayojiingiza yenyewe mtamboni bila mkono wa mtu. Mwaka 1867 Bullock alinaswa mguu na mtambo wake mwenyewe, kidonda kikaoza, akafa. Kifo chake si fumbo la adhabu, tusikifanye hivyo. Lakini kinatukumbusha kwamba mashine haimtambui hata aliyeiumba. Haina huruma wala chuki. Huruma ni wajibu wa wale wanaosimama kando yake.

Nalo jengo la Oberzell lilipata mwisho ambao hakuna aliyeupanga. Mwaka uleule wa 1855, mwanamke aitwaye Antonia Werr alianzisha hapo Oberzell shirika la masista Wafransisko kwa ajili ya kuwapokea wanawake waliotoka gerezani, watu ambao jamii haikutaka kuwaona. Mwaka 1901 kiwanda kilihamia ng'ambo ya mto, na masista wakainunua monasteri yote. Palipokuwa pa sala pakawa pa kazi, kisha pakarudi kuwa pa sala na huruma.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1891, Papa Leo XIII alikuwa ametoa waraka wake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi, akifundisha kwamba kazi ya mtu si bidhaa tu, na kwamba mshahara wapaswa kutosha kumtunza mfanyakazi. Wavuta wenzo wa mwaka 1814 hawakuusoma waraka huo, lakini swali lake walilikabili asubuhi ile, wakiwa wamesimama na mikono mitupu mbele ya mitambo isiyohitajika tena.

Leo swali hilo lipo kwetu. Mpanga herufi ametoweka. Kompyuta imeichukua kazi yake. Karani, mpiga picha wa mtaani, mfasiri, mhasibu mdogo, wote wanasikia uvumi kutoka jengo la jirani, kama wachapaji wale walivyousikia. Hatuwezi kuirudisha mashine nyuma, wala si haki kuilaani: bila silinda, maskini asingemiliki kitabu. Lakini kila mmoja wetu mwenye mamlaka juu ya kazi ya mwingine, awe na duka lenye msaidizi mmoja au ofisi yenye watu mia, anaweza kujiuliza mambo matatu. Je, nimewaambia ukweli mapema, au nawaacha wangoje habari usiku kucha? Je, faida ya chombo kipya itamgusa pia aliyenitumikia kabla ya chombo hicho? Na je, nipo tayari kufundisha, kama walivyofundishwa vijana wa Zell?

Tuwaombee juma hili wote waliopoteza kazi, na wote wenye uwezo wa kuitoa.

Mungu awabariki nyote.

Padre wenu katika Kristo